Nafasi ya Papa Estelle

Watu wa mtaa wetu hapa Katuba wanasema mimi Virginie nilimuua mume wangu. Waongo wakubwa. Mume wangu alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, na soksi mpya. Nilichofanya mimi ni kitu kingine, nacho hawakijui, maana waliokijua hawakumwambia mtu. Basi acheni nikiseme mwenyewe kabla hawajakipika kwa chumvi yao.

Tangu dawa ya maisha ilipotufikia, mtu wa kwetu hufika miaka mia mbili, mia mbili na hamsini, bado anatembea, bado anagombana. Mji ukajaa mpaka pomoni. Ndipo serikali ikafunga hesabu ya watu wa Lubumbashi na miji yote ya kwetu. Haiongezeki hata kwa mtu mmoja. Mtoto akitaka kuzaliwa, lazima mtu mzima atoe nafasi yake. Mtoto akishazaliwa salama, yule aliyetoa ana siku saba za kuaga, kisha anakwenda kwenye ile nyumba nyeupe nyuma ya hospitali, analala, haamki tena.

Mimi mwenyewe nimezaa hivyo. Mama yangu Agnès alitoa nafasi yake akiwa na miaka tisini na moja, mwanamke aliyekuwa bado anatoa jasho kwenye ngoma za arusi, ili mimi nimpate Estelle. Sikumwomba. Hakuna anayeomba. Kwetu mtoto haombi nafasi ya mzazi wake, kwa sababu ni sawa na kumwambia, kufa basi. Mzazi husema mwenyewe, siku anayotaka yeye. Asiposema, mtoto hunyamaza.

Alphonse, mume wangu, alisema siku ya Jumapili baada ya misa, tukiwa tunakula bukari, ugali wetu, na samaki. Estelle alikuwa na miaka thelathini na minane wakati huo. Alifanya kazi kwenye maktaba ya chuo kikuu kule Kasapa, na alikuwa ameolewa na Gauthier, kijana mpole asiyejua kukataa kitu.

"Mama Estelle," Alphonse akaniambia, huku anachomoa miba ya samaki, "mi nilishawaza. Mwezi wa saba tutaenda ku komini. Nafasi yangu, nitaipatia Estelle."

Nikarudisha tonge sahanini. "Weye? Uko na miaka tisini na saba tu! Na nkambo yako Mumba kule Mitwaba? Mutu ya miaka mia na makumi tisa, kazi yake kula na kutukana bantu. Aanze yeye!"

"Nkambo alikatala," akasema juu ya babu yake.

"Basi na weye katala!"

Akacheka. Alphonse alikuwa na kicheko kibaya, cha kukufanya na wewe ucheke wakati umekasirika. "Mama yako hakukatala," akasema, kisha akaendelea kula.

Nikainuka, nikaondoa sahani yangu.

Mtaniuliza, na wewe Virginie, kwa nini hukutoa yako? Niliogopa. Haya, nimesema. Nimeuza vitenge sokoni miaka arobaini, nimegombana na askari, na wachuuzi, na padri mmoja, sikuogopa mtu. Lakini ile nyumba nyeupe nikipita karibu yake nilivuka barabara. Na kumpoteza Alphonse niliogopa zaidi. Nilimpenda mtu yule kwa namna isiyofaa mke wa miaka themanini na minne. Akichelewa kurudi nyumbani nilisimama mlangoni kama msichana. Sikuona aibu wakati ule, na sasa sioni vilevile.

Sheria ilinipa mwanya. Nafasi ya kumpa mtu wa jamaa yako inataka saini mbili, ya anayetoa na ya mwenzake wa ndoa. Tena komini, ofisi ya mtaa, hufungua kitabu cha nafasi mara moja tu kwa mwaka, juma moja la mwezi wa saba, wakati wa baridi. Ukikosa juma lile, unangoja mwaka mzima. Basi sikusema hapana. Niliona hapana ni neno la watu wasio na akili. Nilisema, "Tutaenda, Papa Estelle. Lakini kwanza tutengeneze bati za nyumba, mvua isinikute mjane na nyumba inavuja."

Bati zikatengenezwa. Mwezi wa saba ulikuwa umepita.

Mwaka wa pili ilikuwa arusi ya binti wa dada yangu kule Kipushi, na nani ataacha arusi? Mwaka wa tatu kitambulisho changu kilipotea. Kilipotelea ndani ya sanduku langu, chini ya vitenge, pale nilipokiweka. Mwaka wa nne nyonga yangu iliuma vibaya sana kwa juma moja kamili, na Jumatatu iliyofuata nilibeba robota la vitenge kichwani mpaka sokoni. Alphonse aliniona nikipita na lile robota. Aliinamia redio yake akaendelea kuitengeneza.

Na Estelle alikuja kila mwaka. Juma lile la mwezi wa saba likifika, alichukua ruhusa kazini, akaja kwetu asubuhi na machungwa. Alinyoosha shati jeupe la baba yake, la kwendea komini, kwa pasi ya makaa, pole pole, kola kwanza, mikono, halafu mgongo, akalitundika mlangoni. Akakaa. Hakuuliza, tunaenda? Desturi ilimziba mdomo, na mimi nilijificha nyuma ya desturi hiyo. Jioni alilitoa shati pale mlangoni, akalikunja, akalirudisha kabatini.

"Mama, mulale muzuri," alikuwa akisema anapoondoka.

Sasa msinione shetani. Sikuwahi kufikiri, nitamnyima mtoto wangu mtoto. Kweli ya Mungu. Nilifikiri, kuna haraka gani? Kwetu miaka mitano ni kitu gani? Jirani yetu Clément na ndugu yake waliacha kusalimiana kwa sababu ya ukuta wa choo, wakapatana baada ya miaka sitini, na watu wakasema wamefanya vema kupatana mapema. Sisi ni watu wa kusema kesho. Barua tunajibu baada ya miaka miwili, na aliyeiandika anashukuru. Niliamini kwamba nikimweka Alphonse mwaka mmoja zaidi, na mwingine, na mwingine, mwishoni nitatosheka naye, halafu nitasaini, na Estelle atapata mtoto wake, na kila mtu atakuwa amepata haki yake.

Lakini dawa ya maisha inarefusha moyo, inarefusha meno na macho. Tumbo la uzazi hailigusi. Linafunga pale pale lilipofunga tangu zamani za mababu, arobaini na kitu, hamsini kwa mwenye bahati. Kila mwanamke anajua. Mimi nilijua. Mimi nilimzaa Estelle nina miaka arobaini na sita, mkunga akiniambia, Mama, umeponea chupuchupu. Nilijua, nikasahau, kwa sababu kila nilipomtazama binti yangu niliona mtoto mdogo ambaye ana miaka mia mbili mbele yake.

Mwaka wa saba Gauthier aliondoka. Alikuja kutuaga kwa heshima, akapiga magoti kabisa, analia. Alikuwa amepata mke Likasi, kwenye jamaa moja ambayo bibi yao alikwisha kusaini. Estelle akarudi kwetu na masanduku mawili, akalala katika chumba chake cha usichana. Mwezi wa saba ulipofika alinyoosha shati. Ataleta baba gani wa mtoto? nilijiuliza, nikapata sababu nyingine ya kungoja. Siku hizi nikikumbuka sababu ile najipiga kofi, kwa sababu kila mtu anajua kwamba hospitali inasaidia mwanamke asiye na mume, mradi ana nafasi.

Kilichonivunja ni kitu kidogo. Mwezi wa tano, mwaka wa tisa, mwanamke alipita barabarani kwetu na mtoto mchanga mgongoni. Mnajua mambo yanavyokuwa mtoto akipita. Watu wote nje! Clément aliacha kunyoa ndevu upande mmoja, akatoka na povu. Wanawake walipiga vigelegele, kila mmoja akataka kumgusa mguu. Na mimi nilitoka, nikapiga changu. Nilipogeuka kumwita Estelle, nikaona mkono wake unafunga dirisha. Alilifunga polepole, asisikike.

Niliingia ndani nikakaa kitandani pangu mpaka saa sita. Halafu nikafungua sanduku, nikatoa kitambulisho, nikakiweka mezani mbele ya Alphonse.

"Mwaka huu tutaenda," nikamwambia. "Usiniulize kitu."

Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaniegemeza kifuani. Nilimpiga ngumi mgongoni, nikilia, na yeye akasema tu kwamba ndivyo ilivyo: "Njo vile, Mama Estelle. Njo vile."

Estelle alipoambiwa alinitazama usoni. Alikuwa na miaka arobaini na saba. "Wafwako, Mama," akasema, asante, kwa Kiluba cha baba yake. Siku ya komini alinyoosha shati, na mara hii Alphonse akalivaa.

Komini ilikuwa na baridi, na watu kumi na wawili tu kwenye foleni. Karani alikuwa mwanamke aitwaye Syntiche, mwenye miwani na sauti ya kanisani. Alitupa karatasi. Alphonse akasaini upesi, mwandiko wake wa mtu aliyewahi kufanya kazi reli, herufi zimesimama wima. Niliandika Virginie, nikasahau jina la baba yangu, Syntiche akanikumbusha. Nikamaliza. Nilijiona nimebeba gunia kutoka Mitwaba mpaka hapa na sasa nimelitua. Nilimgeukia binti yangu nikitegemea kumwona analia kwa furaha.

Alikuwa anatazama saini yangu. Anaitazama hivi, kwa makini, kama mtu anayesoma.

"Bado cheti ya hospitali ya binti," Syntiche akasema.

Estelle akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa. Syntiche akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mama," akaniambia mimi, wala si Estelle, "hii karatasi inasema tumbo ilishafunga. Tangu mwaka jana."

"Eko na miaka arobaini na saba!" nikapaza sauti, watu wote wa foleni wakageuka. "Huyu ni mutoto mudogo! Uangalie muzuri, mulikosea!"

"Nimeangalia, Mama. Tumbo haijue kama tunaishi miaka mia mbili."

Niliushika mkono wa Estelle. Ulikuwa baridi. "Ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Tangu mwaka jana ulijua, na ukanyoosha shati? Ukatuleta hapa? Juu ya nini, mutoto yangu? Juu ya nini?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo siwezi kulisamehe, kwamba hakuwa na hasira hata kidogo. "Nilitaka nikuone unasaini," akasema. "Mara moja tu. Nijue kama ungesaini."

Kuna maneno yakishasemwa, mtu anatafuta mahali pa kukaa. Mimi nilikaa sakafuni, pale pale komini, na kitenge changu kizuri. Nililia kwa sauti, na sikuwa na haya. Estelle akachuchumaa karibu yangu akanifunika mabega kwa sweta yake. Yeye ndiye alinifunika mimi!

Kwa sababu nililia sikumsikia Alphonse akizungumza na karani. Nilipoinua macho alikuwa ameigeuza karatasi upande wa nyuma na ameshika kalamu. Upande wa nyuma ni wa nafasi ya mji. Ukitoa nafasi kwa mji, anaipata mwanamke wa kwanza kwenye orodha, mtu usiyemjua, na hapo sheria haihitaji saini ya mke. Haihitaji saini ya mtu yeyote.

"Alphonse! Hapana! Mutoto hakuna tena, baki basi! Baki na sisi!"

Alisaini kwanza. Kisha akainama, magoti yake yakilia, akaniambia taratibu watu wasisikie. "Virginie, mi nilishaaga hii maisha tangu miaka tisa. Kila mwaka nilikuwa nakuaga moyoni, nakuaga, nakuaga. Sijue tena namna ya kurudi. Na nikibaki, kila siku nitaamuka nimuone Estelle, niseme, hii chai ninakunywa njo mutoto yake."

"Unanichukia."

"Sikuchukie. Nakupenda na nimechoka."

Ningependa aseme ananichukia.

Mwanamke wa kwanza kwenye orodha alipatikana Kipushi, naye akapata mimba baada ya miezi minne. Kwa hiyo nilikuwa na Alphonse mwaka mmoja na mwezi na siku saba. Nilikuwa nimeiba miaka tisa na sikuionja, nikihangaika kutafuta visingizio. Mwaka ule mmoja niliuhesabu kila asubuhi. Aliacha kutengeneza redio za watu, akatengeneza tu vitu vyetu, mguu wa kitanda, kufuli la mlango, mpini wa pasi. Jioni alitembea na Estelle mpaka mwisho wa barabara na kurudi, wameshikana mikono, na sikujua walizungumza nini. Sikuwa na haki ya kuuliza. Mimi nilimpikia kila kitu anachopenda mpaka akanenepa, akasema, "Mama Estelle, unataka mulango ya ile nyumba ikatale kuniingiza?" Tukacheka, kisha nikakimbilia jikoni.

Siku ya saba tulimsindikiza asubuhi. Nilimnunulia soksi kwa sababu kulikuwa na baridi. Alimbusu Estelle kwenye paji la uso, akanishika mkono mimi, akaingia. Hakugeuka, maana nilikuwa nimemwomba asigeuke.

Mtoto aliletwa baada ya siku arobaini, kama desturi ilivyo. Mtoto wa nafasi ya mji huchukua jina la aliyetoa, na hawezi kubatizwa mpaka watu wa nyumba ya aliyetoa wamempakata mmoja mmoja na kumwita kwa jina hilo. Bila hivyo inahesabiwa kwamba hajafika. Mama yake, Chancelvie, alikuwa msichana wa miaka thelathini, mchangamfu, anauza viatu vya kutoka Zambia. Alikuja na kuku, na mafuta, na shukrani nyingi mpaka zikanichosha. Hakujua kitu juu yetu. Alijua tu kwamba mzee mmoja wa Katuba alikuwa na moyo mzuri.

Nilimchukua mimi kwanza. Nilimtazama yule mtoto, uso wake mwekundu umekunjamana, na nikatamani kumrudisha alikotoka. Nasema kweli. Nilisema "Alphonse," nikasema tena kwa sauti zaidi. Yule mtoto akapiga mayowe. Nikampa Estelle upesi.

Kwa Estelle akanyamaza. Sijui nani alimfundisha binti yangu namna ya kushika mtoto, katika mji huu ambao watoto wanahesabika kwa vidole. Aliweka kichwa cha mtoto kwenye kiwiko, akayumba kidogo, mguu huu, mguu ule, na kiganja chake kikapiga mgongo mdogo ule pole pole. "Alphonse," akasema. "Papa Alphonse. Karibu." Mtoto akalala, mdomo wazi. Estelle aliendelea kuyumba.

Chancelvie, maskini, alifurahi, akamwita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya Estelle, unajua sana! Weye uko na batoto bangapi?"

Nilifungua mdomo nijibu mimi. Nilitaka niseme yote, hapo hapo, mbele ya mgeni, nimalize. Estelle akanitazama juu ya kichwa cha mtoto, akatikisa kichwa kidogo kunikataza.

"Hata mumoja," akamwambia Chancelvie. "Hatukupata wakati."

Chancelvie akaangua kicheko, akapiga mapaja. Alidhani ni mzaha, maana kwetu nani hukosa wakati? Estelle akacheka naye ili asimwaibishe, kisha akamfunga mtoto vizuri miguu, akamrudisha kwa mama yake, akaniuliza kama maji ya chai yamechemka.